Msimpe Mtoto Jina la Pallaq

Mittimatalik, 6 Machi

Baba yangu,

Nakusalimu. Najua unacheka, binti wa miaka ishirini na sita kuitwa Baba na bibi mwenye mvi, lakini baba yangu Aluki alikufa majira uliyozaliwa, nasi tukakupa jina lake, na tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni nimekuwa binti yako. Basi nisikilize kama baba amsikilizavyo bintiye, bila kunikatiza. Kwenye simu unanikatiza. Usiponikatiza wewe, simu inakatika yenyewe, na nyumba imejaa watu wanaokunywa chai yangu huku wametega masikio. Ndiyo maana naandika.

Sisi wazima. Goti langu bado linatabiri upepo kuliko redio. Jua limerudi juu ya milima, linachungulia na kuondoka kama mgeni mwenye deni. Qaunaq, mke wa kaka yako, tumbo limeshuka. Nesi alitaka apande ndege akajifungulie hospitali ya Iqaluit. Qaunaq amemjibu kwamba hatoki kijijini hapa mpaka mumewe aingie mlangoni. Nesi amefoka weee, mwisho akachoka, akaomba chai.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako Pallaq hajarudi.

Alitoka Jumatatu kwa pikipiki ya theluji kwenda ukingoni, pale barafu ya bahari inapoishia na maji meusi yanapoanza, kuvizia sili wanaoibuka majini. Alisema atalala usiku mmoja tu. Upepo ukaja. Jumanne jioni kile kifaa chake cha setilaiti kikaleta ujumbe kwa watafutaji: "Mashine imekufa. Nimejenga. Nangoja." Pamoja na maneno zikaja namba za mahali. Simiuni, unamjua, ndiye mkuu wa watafutaji sasa, alizitia kwenye ramani mbele ya macho yangu. Ni ukingoni kabisa. Upepo ulipolala walikwenda. Walikuta maji, Baba. Barafu ya pale imemeguka ikaenda zake.

Najua umempigia ukamwambia atafute kwingine. Alikuja hapa akaniuliza, "Ulayuk, huyu mtoto wako si ndiye aliyesimama ukumbini mwaka jana akatuambia vifaa hivi havikosei zaidi ya upana wa nyumba? Leo anataka kikosee mwendo wa nusu siku?"

Niandikie jibu, nimsomee.

Binti yako,
Ulayuk


Qausuittuq, 12 Machi

Shangazi, binti yangu mkaidi,

Salamu zangu zikufikie wewe na goti lako. Viatu vya ngozi nimevipata, vinanikaa sawasawa. Samaki mkavu nimemla wote kabla sijaifungua barua, kwa hiyo karatasi hii inanuka samaki. Hapa kituoni tumebaki wawili, mimi na fundi wa umeme ambaye hasemi kitu ila akishindwa kwenye karata. Mwili wangu ni mzima.

Msomee Simiuni hivi, neno kwa neno. Nimemwandikia kwa kompyuta, hajibu.

Niliyosema ukumbini ni kweli kwa siku nyingi. Setilaiti ziko mbali na sauti yao ni dhaifu. Kabla ya kutufikia inapita katika tabaka la juu la anga ambalo jua hulichemsha, na huku kwetu, karibu na ncha ya dunia, linachemka kuliko kwingine. Tazama jiwe chini ya sufuria ya maji yanayochemka. Unaliona, lakini linacheza. Siku nyingi ndivyo ilivyo, mahali panacheza hatua chache, basi. Lakini Jumanne ile jioni sauti haikucheza. Ilikatika. Kazi yangu ni kukaa mbele ya vipokezi vinavyosikiliza setilaiti hizo, na nilikuwepo. Kimoja baada ya kingine vilizipoteza, mpaka vyote vikawa viziwi.

Sasa asikie hapa. Kifaa kikikosa sauti hakisemi "sijui niko wapi". Kinatoa mahali pa mwisho kinapopakumbuka. Maneno ya Pallaq yalingoja mpaka anga lilipotulia kidogo, yakapenya. Maneno yalikuwa ya jioni. Mahali palikuwa pa asubuhi, alipokuwa ukingoni na sili wake.

Vipokezi vyangu havijui alikuwa wapi jioni. Pallaq mwenyewe amesema. Amesema "nimejenga". Nani amewahi kujenga nyumba ya theluji ukingoni? Theluji ya pale imelowa chumvi, ukiikata tofali inasambaratika mkononi. Theluji ya kwanza ya kujengea upande ule iko Qarmat, kwenye ghuba ya zile nyumba kuukuu za udongo za wazee wetu. Ni pale pale somo wangu, yaani baba yako, yaani mimi, alipomfundisha Pallaq kushika kisu cha theluji. Waende Qarmat. Waende leo.

Jambo la mwisho, na hili si la Simiuni. Qaunaq akijifungua, msimpe mtoto jina la Pallaq. Najua wanawake wa hapo wanavyowaza wakitazamana juu ya vikombe. Jina huenda kwa mtoto baada ya mwenye jina kuliacha kwa kufa. Pallaq hajaliacha. Ameandika "nangoja". Mkimpa mtoto jina hilo, Pallaq atakuwa amerudi nyumbani, analala kwenye blanketi, na hakuna mwanamume atakayewasha mashine kwenda kumtafuta mtu aliyekwisha kurudi.

Nakuomba, Shangazi. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki.

Aluki


Mittimatalik, 30 Machi

Baba yangu,

Nakusalimu, na mgeni wetu anakusalimu. Qaunaq amejifungua msichana, hapa hapa, kwenye kituo cha afya, maana nesi alipopata ndege upepo ulikwisha kuifukuza. Ana nywele nyingi na kucha ndefu. Ndege hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na barua yako. Ilizunguka juu yetu, tukaisikia, ikarudi nayo Iqaluit. Ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imezeeka.

Mgeni wetu analia. Sijapata kuona. Analia mpaka anakuwa rangi ya ini. Nesi amempima kila mahali, hana ugonjwa. Unajua kwetu mtoto anayelia hivi anadai jina, na ukilitaja lililo lake ananyamaza. Tumejaribu la mama yangu. Tumejaribu la nyanya yake Qaunaq. Tumejaribu hata la yule mpiga fidla wa kanisani, Mungu anisamehe, kwa uchovu tu. Hataki. Jirani alipiga simu redioni wakati wa mchezo wa bingo akasema hewani, "Jamani nyumba ya Ulayuk, mnyonyesheni huyo, hatusikii namba!" Kijiji kizima kilicheka. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

Barua yako nilimsomea Simiuni mara mbili. Alikuna kichwa, akaniomba nirudie pale pa sufuria. Watu watatu wakatoka tena. Walifika karibu na Qarmat. Lakini upepo, na petroli, na hao vijana nao wana mama zao. Utafutaji umefungwa. Kasisi amemwombea Pallaq Jumapili.

Mbona huji? Ndege zinatua kwenu na kuondoka. Qaunaq anauliza.

Binti yako,
Ulayuk


Qausuittuq, 9 Aprili

Shangazi,

Nakusalimu. Nimefurahi kwa ajili ya mtoto na nywele zake. Mbusu kisogoni kwa niaba yangu. Fundi wa umeme amekohoa wiki nzima. Hizo ndizo habari za huku.

Walifika karibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karibu na sili si sili. Ni akina nani hao watatu? Waliiona ghuba? Waliziona nyumba za udongo? Mtu anaweza kupita nyuma ya mwamba wa Qarmat asione kitu, nawe unajua, ulizaliwa pale. Neno "karibu" halikai sawa mkononi mwako. Huwa huandiki hivyo.

Na mtoto hukumtaja jina. Barua nzima ni mgeni wetu, mgeni wetu. Ana jina gani?

Kuja siwezi. Nina mkataba, na hakuna wa kunipokea kazi. Usiniulize tena.

Nikwambie ninavyoishi. Nimehamishia godoro kwenye chumba cha vipokezi. Fundi ananiletea chakula, anakiweka sakafuni kama anayelisha mbwa, anaondoka. Anga la juu limechafuka karibu kila siku mwezi huu. Kila sauti inapotetemeka, mstari unapanda na kushuka kwenye kioo kama mkono wa mtu anayepunga. Mimi nimesoma. Najua sababu ya mstari huo, naweza kuiandika kwa hesabu kurasa nzima. Lakini kila unapopanda nasema: ni yeye, anajaribu tena, maneno yanangoja kupenya. Halafu unashuka.

Mpelekee Simiuni ujumbe wangu hata kama atakucheka. Mwambie Aluki amesema: mtu mmoja tu, safari moja tu, mpaka ndani ya ghuba. Barafu bado ni ngumu. Mpaka ndani, Shangazi. Siyo karibu.

Msimpe mtoto lile jina.

Aluki


Mittimatalik, 11 Mei

Baba yangu,

Nakusalimu. Usihesabu kimya changu, mikono ilikuwa na kazi ya ngozi. Jua sasa halizami. Watoto wanacheza mpira saa ambazo Mkristo angekuwa kitandani, na ukiwafukuza wanakwambia, "Bibi, mbona mchana?" Bata bukini wamerudi. Nimepata sili mnene kwa watu wa pwani ya juu, nikatangaza redioni kwamba nagawa nyama, na kabla sijashusha simu walikwisha kuja na mifuko. Qaunaq anakula vizuri. Ameanza kushona tena.

Nyumbani pametulia. Mpwa wangu ameanza kucheka. Anacheka kwa puani, vile vile kama zamani.

Goti afadhali. Njoo kabla barafu haijaharibika, uwahi ukingo mzuri.

Binti yako,
Ulayuk


Qausuittuq, 20 Mei

Mtoto wa Pallaq si mpwa wako. Ni mjukuu wako. Mpwa wako ni mmoja, ndiye Pallaq, na ndiye anayecheka kwa puani.

Kwa hiyo mmempa.

Najaribu kukuona ukiiandika sentensi hiyo. Sijui kama ilikuponyoka au ulitaka nijue bila wewe kunitazama. Qaunaq anamwita nani huyo mtoto? Anamwita mume wangu? Anamvua nepi mumewe na kumwogesha, mkiwa mmekaa mnatabasamu? Kijiji kizima kinapita kumpa mkono Pallaq aliyerudi, na Pallaq aliyeandika "nangoja" hana mtu.

Nilikuomba jambo moja.

Nikwambie ukweli na mimi. Mkataba wangu uliisha Aprili. Wa kunipokea kazi alikuja, yuko hapa, ni kijana mchangamfu, anapika. Nimewaomba nikae bila mshahara. Kila ndege inayotua naisikia. Sikupanda hata moja kwa sababu najua mtakavyofanya: nikivuka mlango mtaniwekea mtoto mikononi, naye atanitazama, na nitalazimika kumwita kaka. Nikishamwita hivyo nitakuwa nimefunga utafutaji kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mlimpa lini? Nataka kujua siku. Usinijibu habari za bata bukini.

A.


Mittimatalik, 28 Juni

Baba yangu,

Leo sikusalimu kwa furaha, lakini nakusalimu. Kaa chini.

Wamempata. Simiuni na wanawe walikuwa wakienda kuvua kwenye maziwa, barafu imejaa maji juu, wakalazimika kufuata pwani, na pwani ikawaingiza ghubani Qarmat. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba ya baba yangu. Yako. Pallaq alikuwa ndani ya kuta hizo za udongo, alikoezeka kwa theluji, na theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka juu yake. Mguu ulikuwa umevunjika, ameufunga vizuri kwa mbao za sleji yake ya kuburuta thelujini. Taa ilikuwa pembeni. Sili alikuwa ameliwa, Baba. Ameliwa wote, hata ngozi imetafunwa. Unaelewa ninachokwambia. Hakufa upesi.

Simiuni alikuja kwangu na viatu vyenye matope. Hakuvivua. Nilimpa chai, hakuigusa. Alisema, "Mtoto wako alisema kweli," akakaa sakafuni, mtu mzima yule, akalia kama anayetapika. Mimi sikulia. Nilikuwa na langu.

Wale watatu hawakufika karibu. Walipofika kwenye ufa mkubwa wa barafu waligeuka kurudi, hata nusu ya njia hawajaifikia. Nilijua siku nilipokuandikia. Nilitaka ulale.

Umeniuliza lini. Nitakwambia, kisha ufanye utakavyo.

Nililitaja jina mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa siku ile ile aliyozaliwa. Barua yako ilikuwa bado iko angani, lakini nisijifiche nyuma ya hilo, ningefanya hata kama ningeisoma. Qaunaq alikuwa amechoka, mtoto analia. Nikaweka mdomo sikioni mwake nikasema: Pallaq. Akalia zaidi. Alinisukuma usoni kwa mkono wake, Baba, mtoto wa siku moja. Wanawake wakatazamana. Nikawaambia hakusikia.

Alisikia. Nimewapa watoto majina maisha yangu yote. Mtoto hulikataa jina ambalo bado liko kwa mwenyewe. Nilijua pale pale, nikiwa nimepiga magoti, kwamba Pallaq anapumua mahali fulani. Na siku hiyo Simiuni alikuwa jikoni kwangu, anakula. Nje upepo ulikuwa umepungua. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Lakini nilifikiri: watasema bibi kizee anataka kuua vijana wa watu kwa sababu ya kilio cha mtoto. Namba zinasema ukingoni. Mtoto wangu mwenyewe alituambia namba hazikosei. Nikamwongezea Simiuni nyama. Na barua yako ilipokuja ikisema yale yale niliyoyajua, nilimsomea Simiuni yako. Ya kwangu sikumwambia.

Kisha mtoto akaendelea kulia. Kila siku alipolia nilikuwa nashukuru, na hakuna aliyejua kwa nini. Asubuhi moja mwezi wa Aprili akanyamaza. Sikuwa nimesema kitu, hakuna aliyekuwa amesema kitu. Alikuwa katikati ya kilio, mdomo wazi, akanyamaza kama mtu aliyeitwa. Nilimwendea. Nikasema: Pallaq. Akageuza kichwa akanitazama.

Ndiyo lini hiyo. Siku yake naikumbuka. Ukitaka nitakwambia.

Tumemzika pale pale. Kaka yako ana meno mawili.

Ulayuk


Qausuittuq, 7 Julai

Shangazi,

Barua yako ilifika jana. Nimeisoma nje, nimesimama, kwa sababu ndani yule kijana alikuwa akipiga mluzi.

Siku usiniambie. Ninazo hapa kumbukumbu za anga za kila siku ya Aprili. Ukinitajia siku, nitakwenda kutazama kama anga lilikuwa limetulia, kama ujumbe mmoja zaidi ungepenya. Nitakuwa nikitazama hivyo mpaka nizeeke. Kaa nayo wewe. Hiyo ndiyo adhabu niliyokuwa nayo mkononi, nimekupa, sina nyingine.

Nilikuwa sahihi kuhusu sauti, kuhusu mahali, kuhusu theluji. Nimejaribu kulishika hilo, halishikiki popote. Nilikuwa sahihi nikiwa nimekaa hapa na godoro langu, na ndege zikitua. Wewe ulijua ukiwa na mwanamume mwenye mashine jikoni kwako. Kati yetu sisi wawili alikuwa Pallaq, anatafuna ngozi. Sijui la kukufanya, Shangazi. Unaniita baba. Baba hamhukumu bintiye kwa barua. Humkalisha mbele yake, wakatazamana.

Napanda ndege ya Alhamisi. Ikigeuzwa na upepo, nitapanda inayofuata, na inayofuata. Mtandikie Qaunaq chumbani kwako, mimi nitalala chumbani kwake pamoja na mtoto. Usipike. Usikusanye watu. Mtu asiniwekee mtoto mikononi, nitamchukua mwenyewe.

Mwambie kaka yangu nakuja. Lakini neno "ngoja" usimwambie.

Baba yako,
Aluki